Yuniti moja ya stima inabeba maisha kiasi gani? Hesabu kutoka ngazi za Pipeline

FundiWaNyaya (mleta uzi)

Habari za jioni wanabaraza. Uzi ni mrefu, mnivumilie, jambo lenyewe limenikaa rohoni.

Mimi ni fundi wa stima, mwaka wa kumi na nne sasa. Naishi mtaa wa Pipeline, Embakasi, hapa Nairobi, ghorofa ya tano ya jengo la ghorofa saba. Mwezi uliopita pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu iliungua. Chumba cha pampu kina kufuli, ufunguo anao keretaka, yaani mwangalizi wa jengo, na keretaka akasema landilodi atatuma fundi wake. Tukangoja siku ishirini na mbili.

Siku hizo zote maji tuliyabeba. Pale chini mtungi wa lita 20 ni Sh 20, na ukitaka vijana wakupandishie unaongeza Sh 20 nyingine. Jirani yangu wa ghorofa ya sita ana mimba ya miezi saba. Hiyo ishirini ya pili hakuwa nayo, au alikuwa nayo na ilikuwa ya unga. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mtungi kando yake, anapuliza viganja. Mpini wa plastiki ulikuwa umemchora mstari mwekundu kwenye vidole vinne. Nikamchukulia mtungi. Hakusema kitu mpaka tukafika mlangoni kwake. "Asante Baba Junior. Bado mitungi miwili."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kupandisha lita 20 za maji hadi ghorofa ya tano, tuseme mita 15, kunataka juli (kipimo cha nishati) 3,000 hivi. Yuniti moja ya stima, yaani kilowati-saa moja, ni juli 3,600,000. Toa nusu inayopotea kwenye mota na kwenye mabomba. Bado yuniti moja, ambayo tunainunua kwa shilingi thelathini hivi, inapandisha mitungi zaidi ya 600 hadi mlangoni kwangu. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Sasa geuza upande wa pili. Mtu mzima mwenye afya akipiga kazi ya sulubu siku nzima, kazi inayotoka kwenye misuli yake ni kama nusu yuniti. Siku nzima ya jasho la mtu ni shilingi kumi na tano za tokeni. Kwa hiyo yule mama pale kwenye ngazi alikuwa anafanya kwa mwili wake, na mtoto tumboni, kazi ambayo stima ingeifanya kwa senti.

Hapo ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 2000 mtafiti mmoja wa Marekani, Alan Pasternak wa maabara ya Lawrence Livermore, alizipanga nchi 60 zenye watu wengi zaidi duniani, akalinganisha stima ambayo kila mtu anatumia na kipimo cha Umoja wa Mataifa cha maendeleo ya binadamu, kile kinachojumlisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Aliona mstari unapanda kama mlima, halafu ukifika kama yuniti 4,000 kwa mtu kwa mwaka unalala. Ukiongeza stima baada ya hapo, maisha hayaongezeki sana. Mwaka 2022 Rob Jackson wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitazama nchi 140 na nishati ya kila aina, yaani petroli, gesi, kuni, kila kitu. Nao wakakuta vipimo karibu vyote vya ustawi vinapanda kisha vinalala, safari hii kwenye gigajuli 75 (gigajuli moja ni juli bilioni moja) kwa mtu kwa mwaka au chini yake. Mmarekani wa kawaida anatumia 284.

Sisi je? Mkenya mmoja kwa wastani hafikishi yuniti 200 za stima kwa mwaka. Mmarekani anapita 12,000. Sisi tuko chini kabisa ya mlima, mahali ambapo kila yuniti inayoongezeka inabadilisha maisha ya mtu kuliko mahali pengine popote kwenye mstari ule.

Ndiyo maana inaniuma nikisikia tunahesabu nyumba zilizounganishwa tu. Kuunganishwa tumeunganishwa, zaidi ya robo tatu ya nchi wanayo stima. Lakini nyumba nyingi ninazoingia kwa kazi zina balbu tatu, redio, chaja ya simu, basi. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wale wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, na wengi hawazifikishi hata hizo 30. Waya umefika lakini kazi ya waya haijafika. Naomba tujadili hilo.

Mchumi_Roysambu

Fundi, hesabu yako ya mitungi nimeipenda, na nimeihakiki, iko sawa. Ila nina mambo mawili.

La kwanza, mstari unaopanda hauthibitishi kwamba nishati ndiyo iliyoleta ustawi. Nchi ikitajirika inanunua madaktari, inanunua vitabu, na inanunua stima pia. Pesa inavuta vyote. Ukipeleka yuniti 4,000 mahali pasipo na hospitali wala shule, zitawasha nini?

La pili ndilo kubwa kwangu. Unazungumzia nyumba, lakini stima inayomtoa mtu kwenye umaskini mara nyingi haiko nyumbani kwake. Iko kiwandani, kwenye ghala la baridi, kwenye mashine ya kusaga. Kuna watafiti waliopendekeza kwamba kiwango cha chini cha stima kwa maisha ya kisasa kiwe yuniti 1,000 kwa mtu kwa mwaka, 300 za nyumbani na 700 za nje ya nyumba. Tazama mgawanyo huo. Jirani yako akipata ajira yenye mshahara mzuri, atahama Pipeline. Akipata balbu ya nne, atabaki palepale.

FundiWaNyaya

Mchumi, la kwanza nakubali nusu. Pesa inavuta vyote kwenye takwimu za nchi. Lakini mimi sikuona takwimu, niliona mtungi. Pampu ikizunguka maji yanapanda, ikisimama mama anabeba. Hapo hakuna ubishi juu ya nini kimeleta nini. Kwenye umri wa kuishi wa taifa zima, ndiyo, njia ni ndefu na ina kona nyingi.

La pili sikulikataa. Ila yuniti 300 za nyumbani kwa mtu mmoja, kwangu mimi mwenye watu wanne, ni 1,200 kwa mwaka. Sisi tunatumia 38 kwa mwezi, yaani 456. Hata hizo za nyumbani hatujafika.

MamaGitheri_Kayole

Mbona mnaongea stima tu? Nishati ya mwanamke wa Nairobi ni moto wa kupikia. Balbu haipiki chakula.

Nauza githeri na chapati hapa Kayole mwaka wa tisa. Githeri likiwa la mahindi makavu linataka saa tatu hata ukiloweka usiku. Nina jiko la kauri, haya yetu yaliyoanza kutengenezwa miaka ya 1980, ni jiko zuri, linatunza makaa kuliko lile la bati tupu. Lakini moshi ni moshi. Asubuhi nikiwasha makaa ndani kwa sababu nje kunanyesha, macho yanatoka maji na kichwa kinagonga mpaka saa nne. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Hao si watu wa vita, ni watu waliokuwa wanapika.

Gesi nilijaribu. Nikanunua mtungi wa kilo sita. Halafu Julai 2021 wakairudishia VAT ya asilimia 16, nikarudi kwa makaa kama wengi hapa ploti. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Lakini ukishauza mtungi wako umeuza, kuununua tena si leo. Makaa nanunua kwa mkebe, pesa ya leo inanunua moto wa leo. Mwenye pesa kidogo analipa bei kubwa zaidi, kwa sababu anapima kidogo kidogo.

Na tena Fundi, nikwambie kitu utakielewa wewe. Dada yangu alinizawadia sufuria ya presha ya stima. Inaivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja, nimepima kwa mita ya rafiki yangu. Iko kabatini. Kwetu stima iko ndani ya kodi, mita ni moja ya ploti nzima, na karatasi imebandikwa getini: hakuna koili, hakuna pasi, hakuna hita. Keretaka akiona taa inafifia anapita mlango kwa mlango. Mimi niko kwenye zile robo tatu unazozitaja. Nimeunganishwa.

FundiWaNyaya

Mama, hilo la karatasi getini nimeliona kwa macho yangu ploti si chini ya hamsini, na sikuliandika. Nisamehe. Ndilo lilikuwa la kwanza kuandikwa.

MkaziWaTemeke

Salamu kutoka Dar. Huku tunaita umeme lakini shida ni ileile. Sasa hivi tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na kijijini kuunganishiwa ni shilingi zetu 27,000. Nilikwenda nyumbani Krismasi nikakuta nguzo hadi kwa bibi yangu. Nikafurahi sana. Usiku akawasha balbu moja, akaizima saa mbili, akalala. Asubuhi akaenda kuchota maji mto uleule, kwa ndoo ileile. Mashine ya kusaga ya kijiji bado ni ya dizeli. Nimesoma uzi huu nimemkumbuka.

MuuguziWaZamu

Nimesoma wote kimya. Nitaandika mara moja.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, saa tatu na dakika arobaini na tano usiku, stima ilipotea karibu nchi nzima. Nilikuwa zamu kwenye wodi ya kujifungulia, kituo nisichokitaja. Mama alikuwa anasukuma. Jenereta haikuwaka. Mlinzi aliijaribu, tukaisikia inakohoa mara mbili halafu kimya. Mwenzangu akashika simu kwa meno, mwanga ukawa unapanda na kushuka na pumzi zake. Mtoto akatoka bila kulia.

Kuna mashine ya kumpasha mtoto joto, ilikuwa baridi. Mashine ya oksijeni ilizimika. Nikachukua ule mfuko wa mpira wa kupumulia, nikaanza kuubonyeza kwa mkono, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Sijui ni dakika ngapi. Mkono ulikufa ganzi nikabadilisha. Alipolia, mwenzangu aliitoa simu mdomoni ikiwa imejaa mate na machozi. Tukamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukawafunika kwa leso tatu, kwa sababu joto lililokuwepo chumbani mle lilikuwa la mwili wa mama.

Yuko hai, nimeshamwona mara mbili kwenye kliniki ya chanjo. Na chanjo zenyewe zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8, asubuhi ile jambo la kwanza nililofanya ni kusoma kipimajoto cha friji.

Mchumi anauliza yuniti zitawasha nini mahali pasipo na hospitali. Ni swali zuri. Nami nauliza, hospitali isiyo na yuniti ni nini?

Mchumi_Roysambu

Muuguzi, nimekusikia. Sina la kujibu hapo, na nashukuru umeandika.

MtiMmoja

Naomba nilete upande mwingine. Kuna watu wakisoma "nishati ni ustawi" watasema basi tuchome zaidi, tupanue barabara zaidi, magari zaidi. Mimi nafanya kazi Industrial Area, natembea kutoka Mukuru kila asubuhi pamoja na maelfu ya watu, pembeni ya foleni ya magari ambayo haisogei. Petroli inayoungua kwenye foleni ile inahesabiwa kama matumizi ya nishati. Ustawi wake uko wapi? Aliye ndani amechelewa, na aliye nje anavuta ule moshi.

Tazameni Kosta Rika. Watu wake wanaishi takriban miaka 80, kama Wamarekani au zaidi kidogo, na nishati yao kwa mtu ni sehemu ndogo ya ile ya Marekani. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Joel Millward-Hopkins lilikadiria kwamba kufikia 2050 kila mtu duniani anaweza kuishi maisha ya staha, na chakula, maji, nyumba, shule, hospitali na simu, kwa gigajuli kama 15 tu, mradi vyombo viwe bora na vitu vigawanywe vizuri. Kenya tayari hatuko mbali na hapo. Lakini kama theluthi mbili ni kuni na makaa, na kwenye mafiga matatu joto jingi linapotelea hewani kabla halijagusa sufuria. Kumbe nishati ipo, inateketea bila kutufanyia kazi.

FundiWaNyaya

MtiMmoja, hapo ndipo nilipotaka tufike. Umeme wetu yuniti kama tisa kati ya kumi hautokani na mafuta: ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana. Pampu ya Pipeline ikizunguka haimchafulii mtu hewa. Sisi hatuna sababu ya kuchagua kati ya dunia na yule mama wa ghorofa ya sita.

Na mgawanyo uko humuhumu mjini. Mwaka jana nilifanya kazi nyumba moja ya mtaa wa kifahari, watu watatu, mita inasoma yuniti 1,400 kwa mwezi. Bwawa la kuogelea linapashwa moto. Sina ugomvi na mwenye nyumba, alinilipa vizuri na chai alinipa. Lakini mwezi mmoja wa nyumba ile ni miaka mitatu ya nyumba yangu, na nikimtazama usoni sioni kwamba ana furaha ya miaka mitatu zaidi. Yuko pale mstari unapolala, sisi tuko chini ya mlima.

KinyoziWaTajiMall

Na wale vijana wanaobeba mitungi, mmewafikiria? Pampu ikipona, wao wanakula nini? Nauliza kwa sababu nilikuwa mmoja wao. 2019 nilibeba maji hapo Pipeline miezi kumi na moja. Mitungi thelathini kwa siku ukiwa na bahati. Ilikuwa inanipa unga na kodi ya chumba tulichokaa wanne. Goti la kushoto halijawahi kupona.

Leo nina kinyozi. Mashine mbili, balbu mbili, redio, kioo. Nimenunua kijimita kidogo cha kuchomeka ukutani, siku nzima ya kunyoa sifikishi yuniti moja. Vichwa ishirini, Sh 100 kila kimoja. Nikibeba maji ningehitaji mitungi mia moja kupata pesa hiyo, na hakuna mwanadamu anayepandisha mitungi mia moja kwa siku. Stima ikipotea Jumamosi, siku hiyo nimekula hasara na mwanangu amekula chai kavu.

Kwa hiyo Mchumi ana haki, na Fundi ana haki. Yule kijana wa mtungi usimwondolee mtungi tu, mpe mahali pa kuchomeka.

Mchumi_Roysambu

Hii ndiyo 700 ya nje ya nyumba niliyokuwa naitafutia mfano. Nakushukuru ndugu.

FundiWaNyaya

Mrejesho kwa waliouliza kuhusu pampu.

Siku ya ishirini na tatu wapangaji tulikutana kwenye paa. Nyumba arobaini na mbili, tulichanga Sh 150 kila moja, na wawili wasiokuwa nayo walilipiwa na majirani. Keretaka akatupa ufunguo. Nilipofungua mota, nyaya zilikuwa nyeusi kabisa, harufu ya vanishi iliyoungua. Nikapima volti saa moja jioni, wakati kila mtu anapika: 176. Inatakiwa iwe 240. Mota ikipata volti ndogo inavuta mkondo mkubwa ili izunguke, inapata joto, inajiunguza taratibu jioni baada ya jioni. Kwa hiyo hata waya unaofika unaweza kufika mgonjwa.

Mota tumepeleka kufungwa waya upya. Nimeongeza kifaa cha kuikata volti ikishuka, na tumekubaliana ipandishe maji saa tisa usiku, wakati mtaa umelala. Nikaweka mita ndogo kwenye laini yake.

Leo saa kumi alfajiri nimesoma. Tangi la lita 10,000 limejaa kwa yuniti 1.6. Ni shilingi hamsini. Mitungi 500, ambayo kwa mikono ingetugharimu Sh 10,000 kuipandisha.

MamaGitheri_Kayole

Pampu ni ya nguvu farasi ngapi? Nataka kumwambia landilodi wetu.

FundiWaNyaya

Moja na nusu. Na mwambie kwanza apime volti jioni, asinunue kabla.

MuuguziWaZamu

Na yule mama wa ghorofa ya sita?

FundiWaNyaya

Yupo. Saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nafunga viatu nilisikia bomba lake likifunguliwa juu yangu. Liliachwa likimwagika muda mrefu kidogo, kisha likafungwa, kisha likafunguliwa tena.